Kutoka kwa Kirangozi hadi kwa Mwongoza Watalii: Historia ya Msamiati wa Safari na Majina ya Ndege

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyakopesha lugha nyingine, pengine hakuna lililokwenda mbali kuliko neno safari. Limo katika kamusi za Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na lugha nyingine nyingi, na kila linapotajwa huko humletea msikilizaji picha ya nyika, simba na gari lililo wazi juu. Sisi tulio wenye neno hatukulitumia hivyo. Kwetu, aendaye Mwanza kwa basi kumjulia hali mjomba wake yu safarini, na apandaye jahazi kwenda Pemba yu safarini vilevile. Neno letu lilitoka likiwa pana, likarejea limebanwa. Na liliporejea lilifuatana na msamiati mzima wa matembezi ya hifadhini, ambao sehemu yake kubwa tumeupokea bila kuupima.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza historia ya msamiati huo, hasa maneno yanayomhusu mtu anayewaongoza wageni kutazama wanyama na ndege, pamoja na majina ya ndege wenyewe. Jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Sheria za wanyamapori zina majedwali yanayotaja wanyama na ndege kwa majina. Leseni, kosa na adhabu hufuata jina. Mfasiri asiye na jina la kutosha la ndege aliyeandikwa mbele yake anachezea haki ya mtu.

2. Safari ya misafara

Asili ya neno ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kwenda mbali na kwao. Lakini maisha yake makubwa neno hili liliyapata barani, katika njia za biashara za karne ya 19 zilizoanzia Bagamoyo na bandari nyingine za mrima, zikapita Tabora, zikafika Ujiji na kuvuka ziwa. Wanyamwezi walikuwa wakizipita njia hizi kwa miguu yao na kwa biashara yao wenyewe kabla ya wageni wa Ulaya kuziandika. Katika njia hizo neno safari lilikuwa na maana mbili: mwendo wenyewe, na kundi zima la watu waliomo katika mwendo huo. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 pamoja na John Speke, alilitumia hivyo katika maandishi yake juu ya nchi za maziwa, na kwa njia hiyo neno likaanza kuzoeleka katika Kiingereza.

Msafara ulikuwa na lugha yake ya kazi, nayo ilikuwa imekamilika. Aliyebeba mzigo aliitwa mpagazi. Aliyewasimamia wapagazi aliitwa mnyapara. Aliyeshika bunduki ya ulinzi alikuwa askari. Chakula cha siku kiliitwa posho, na ushuru wa kupita katika nchi ya mtawala uliitwa hongo, neno ambalo baadaye lilichukua maana ya rushwa. Mwendo wa mchana uliofanywa ili kulivuka eneo lisilo na maji uliitwa tirikeza. Nchi isiyokaliwa na watu iliitwa pori, na pori lililoogopwa kuliko yote katika njia ya kati, upande wa Ugogo, lilijulikana kwa jina la Mgunda Mkali.

Mbele ya wote alikwenda kirangozi. Umbo hili la neno, lenye undugu na kiongozi, lilitumika sana katika misafara ya Wanyamwezi. Kirangozi alishika bendera au alama ya msafara, akavaa mavazi ya kumtofautisha na wenzake pamoja na manyoya ya ndege kichwani, na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia njiani. Yeye ndiye aliyejua kisima kiko wapi, njia ipi imefungwa kwa vita, na mtawala gani ataka nini. Wahenga walisema: Msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Katika njia zile ukweli huo ulionekana kila siku, maana tajiri mwenye bidhaa zote asingefika popote bila mtu huyo.

Kazi ya uongozi wa njia haikuwa ya Wanyamwezi peke yao. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alifuatana na Burton na Speke, akaenda na Speke na Grant mwaka 1860, akaenda na Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara lote pamoja na Cameron mwaka 1873 hadi 1875. Katika hesabu za wavumbuzi, Bombay alistahili kuwa wa kwanza kutajwa. Katika ramani zao jina lake halikuandikwa popote.

3. Safari ya bunduki

Reli ndiyo iliyovunja msafara. Reli ya Uganda ilijengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mizigo ya biashara ikahamia kwenye behewa. Neno safari halikukosa kazi, lakini katika vinywa vya wageni likahamia kwa mwindaji tajiri aliyeshuka Nairobi na kukodi wapagazi ili apige wanyama.

Safari iliyolitangaza neno hili duniani ni ile ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani. Alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909 na kumaliza safari yake Khartoum mwezi Machi 1910. Makumbusho ya Smithsonian yalimpa wataalamu, akiwamo Edgar Mearns, daktari wa jeshi aliyekuwa bingwa wa ndege. Walirudi na vielelezo zaidi ya 11,000 vya wanyama, ndege, samaki na wadudu. Kila kielelezo kilipewa kibandiko chenye jina la kitaalamu, mahali na tarehe. Majina waliyoyatumia wapagazi na wabeba bunduki, ambao mara nyingi ndio waliomwona ndege wa kwanza, hayakuwa na nafasi katika kibandiko.

Kutoka zama hizo tumerithi istilahi ambazo bado zinatusumbua. Mfano ni usemi unaotafsiriwa katika vitabu vya watalii kuwa "wanyama watano wakubwa", yaani simba, chui, tembo, kifaru na nyati. Mwanafunzi akiusoma atauliza kwa haki: imekuwaje chui awe mkubwa, na kiboko na twiga waachwe? Jibu ni kwamba usemi huo ulikuwa wa wawindaji, nao uliwahesabu wanyama waliokuwa wagumu na wa hatari zaidi kuwindwa kwa miguu. Hauhusu ukubwa wa mwili. Anayeutafsiri neno kwa neno anafundisha jambo la uongo. Ni heri aandike "wanyama watano wa hatari kwa mwindaji", kisha aeleze.

Baadaye bunduki ilianza kuipisha kamera. Tanzania ilisimamisha uwindaji wa kitalii mwaka 1973, ikauruhusu tena mwaka 1978. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Hapa lugha yetu ilifanya jambo la kupendeza. Kitenzi piga, kilichotumika kwa bunduki, kilikuwa tayari kimeanza kutumika kwa picha, na mgeni aliyekuja kupiga nyati akafuatwa na mgeni aliyekuja kumpiga picha. Kitenzi ni kimoja, na katika kisa cha pili nyati huenda zake mzima.

Mgeni huyo wa pili alihitaji jina lake. Neno mtalii latokana na kitenzi talii, chenye asili ya Kiarabu na maana ya kutazama na kuchungua kwa makini. Twaliona kuwa neno zuri, kwa sababu linamtaja mtu kwa anachokifanya, wala halimlazimishi kuwa mgeni kutoka ng'ambo. Mwalimu wa Singida anayewapeleka wanafunzi wake hifadhini ni mtalii kamili.

4. Kutoka nyama hadi hifadhi

Mabadiliko ya fikira yanaonekana pia katika maneno yanayowataja wanyama na mahali pao. Katika Kiswahili cha zamani, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, neno nyama lilimtaja mnyama na kitoweo chake pamoja. Afisa wa serikali ya kikoloni aliyesimamia wanyama wa porini aliitwa na wananchi "bwana nyama". Jina hilo lilikuwa na ukali wake, kwani wananchi walimjua kama mtu aliyewazuia kupata kitoweo huku akitoa ruhusa kwa wengine. Istilahi ya wanyamapori iliyokuja kutumika katika idara na sheria iliwatenga wanyama na chungu, ikawataja kwa makao yao.

Kuhusu mahali, pana maneno matatu yanayochanganywa kila siku: mbuga, pori na hifadhi. Mbuga kwa asili ni uwanda wa nyasi. Wakulima wa Usukuma huijua kwa udongo wake mweusi unaotuamisha maji wakati wa masika. Kwa kuwa hifadhi za kwanza kujulikana sana zilikuwa za nyika, kama Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1946 na Serengeti iliyotangazwa mwaka 1951, neno mbuga likashikamana nazo, na nchini Kenya "mbuga ya wanyama" limekuwa jina la kawaida. Lakini Gombe, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, ni milima yenye misitu kando ya ziwa. Kilimanjaro, mwaka 1973, ni mlima wenye barafu. Na Udzungwa, mwaka 1992, ni msitu wa milimani. Kuziita hizi mbuga ni kuliondolea neno maana yake. Kwa hiyo Tanzania ilifanya vyema kuchagua "hifadhi ya taifa" kwa daraja la juu kabisa la ulinzi, na kuliweka neno pori katika "pori la akiba" na "pori tengefu", ambayo ni madaraja mengine kisheria. Mwandishi wa gazeti akiandika mbuga kila mahali, msomaji hataweza kujua kama katika eneo hilo uwindaji wa leseni waruhusiwa au ni kosa.

Neno hifadhi lina fadhila nyingine. Mtoto wa chuoni huhifadhi sura za Kurani, yaani huziweka moyoni zisipotee. Tangu kale neno hili limebeba kulinda na kukumbuka kwa pamoja, na kwa jambo tunalolijadili maana zote mbili zahitajika.

5. Ndege na majina yao

Tumefika kwenye upungufu mkubwa zaidi. Tanzania peke yake ina aina za ndege zaidi ya 1,000 zilizoorodheshwa, na Kenya vivyo hivyo. Wageni wengi siku hizi huja kwa ajili ya ndege tu, na mtu anayewaongoza hutazamiwa kumtaja ndege kwa kumsikia sauti, kabla hajaonekana. Kwa Kiingereza hufanya hivyo bila shida, kwa sababu vitabu vipo. Siku anapowaongoza wanafunzi wa shule ya msingi, mtaalamu huyo huyo hulazimika kusema "huyu ni ndege mdogo wa bluu".

Upungufu huu hautokani na umaskini wa lugha. Kiswahili kina heroe, mwari, mbuni, korongo, yangeyange, kanga, kwale, furukombe, kipanga, mwewe, mdiria, mbayuwayu, chozi, shore, kwezi na chiriku. Kina majina yaliyotungwa kwa sauti, kama hondohondo, na kwa tabia, kama kigogota, ambaye hugogota mti kutafuta wadudu. Kina majina mawili kwa ndege mmoja, kama dudumizi na tipitipi. Mengi ya haya yamo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Shida ni kwamba katika kamusi jina la ndege mara nyingi hufafanuliwa kwa maneno machache yasiyotosha kumtambulisha, na kwa kawaida jina moja hulitaja kundi zima.

Tuchukue neno tai. Watu wengi hulitumia kwa ndege mkubwa mwenye kucha kali anayewinda mawindo hai, na pia kwa yule mwenye shingo tupu anayekula mizoga, ambaye jina lake jingine ni tumbusi. Tumbusi wa mgongo mweupe wamo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, hasa kwa sumu inayowekwa katika mizoga, ama na wafugaji waliokasirishwa na simba na fisi, ama na majangili. Tangazo la serikali linalowataka wananchi "wawalinde tai" linamhimiza nani kumlinda ndege gani? Mfugaji anaweza kulisoma na kudhani linamhusu mwizi wa vifaranga vyake, wala asiyahusishe maneno hayo na sumu aliyoitia katika mzoga.

Mfano wa upande wa pili ni kwelea. Jina hili limetokana na jina la kitaalamu, nalo limekubalika kabisa katika lugha ya wakulima na ya idara za kilimo. Kwelea huangamiza mashamba ya mtama na mpunga, na serikali huwapiga dawa. Mnana ni ndege wa jamaa ileile, naye hufuma kiota chake kwa ustadi unaojulikana na kila mtoto. Mkulima asiyepewa majina yaliyo wazi atawahesabu wote kuwa maadui.

Majina ya kitaalamu nayo yana historia yake. Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani aliyesafiri Afrika ya Mashariki na kufika Naivasha mwaka 1883, ana jina lake katika kasuku mdogo wa rangi anayeonekana Serengeti. Speke naye ana mnana wake. Watu waliowaonyesha njia hawakupata heshima hiyo, isipokuwa wachache. Mmoja ni Jali Makawa, mtu wa Nyasaland aliyekuwa hodari wa kutafuta ndege na aliyefanya kazi kwa miaka mingi na mtaalamu Constantine Benson. Mwaka 1964 alipatikana katika msitu wa kaskazini-magharibi ya Zambia ndege mdogo ambaye kielelezo chake kimebaki kimoja tu. Mwaka uliofuata Benson na mwenzake walimwita Pogoniulus makawai. Wataalamu wamebishana kama ndege huyo ni aina ya peke yake. Jina la Makawa hata hivyo limeandikwa katika elimu ya dunia.

Kisa cha Udzungwa chatufundisha zaidi. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini katika misitu ya milima hiyo. Yasimuliwa kwamba dalili ya kwanza ya ndege asiyejulikana na wataalamu ilikuwa miguu ya ndege ndani ya sufuria ya chakula. Mwaka 1994 alitangazwa kuwa aina mpya, jamaa ya kwale, mwenye undugu wa karibu na ndege wa Asia kuliko kwale wengi wa Afrika. Alikuwa mpya kwa maandishi tu. Aliyemtega na kumtia sufuriani alikuwa akimfahamu. Ujuzi huo ungekuwa umeandikwa, elimu ingempata ndege huyo mapema zaidi.

6. Mapendekezo

Kwa historia hii, twaona yafaa mambo manne yazingatiwe na wafasiri, walimu na maafisa wa serikali.

Kwanza, neno safari lisibanwe. Pale maana ya utalii inapohitajika, liongezwe sifa yake: safari ya utalii, safari ya picha, safari ya kutazama ndege. Kulitumia peke yake kwa maana ya kwenda kuona wanyama ni kukopa neno letu kwa mtu aliyelikopa kwetu.

Pili, mtu wa kazi hii aitwe mwongoza watalii. Kiongozi limekwisha kuchukuliwa na siasa na utawala, na kirangozi limebaki katika historia. Kwa anayejishughulisha na ndege, hatuna budi kuepuka "mwongoza ndege", kwa kuwa jina hilo ni la mtaalamu wa kiwanja cha ndege aiambiaye rubani wakati wa kutua. "Mwongoza watazamaji wa ndege" ni refu, lakini halimdanganyi mtu. Walimu nao watumie nafasi hii kukumbusha upatanisho wa kisarufi: ndege huyu ana mbawa za manyoya, ndege hii ina mbawa za chuma.

Tatu, kabla ya kubuni jina, litafutwe lililopo. Pwani, visiwani na barani wapo wavuvi, wategaji, wachungaji na warina asali wenye majina yao, katika Kiswahili na katika lugha nyingine za nchi. Jina likishapatikana, liwe la jamaa nzima, na aina zitofautishwe kwa sifa iliyo wazi: heroe mkubwa na heroe mdogo, kwale wa Udzungwa, tumbusi wa mgongo mweupe. Neno tai liachiwe mwindaji wa mawindo hai, na tumbusi apewe mla mizoga. Jina la kigeni lisanifiwe tu pale ambapo hakuna la kwetu, kama ilivyokuwa kwa kwelea.

Nne, katika sheria na matangazo, jina la Kiswahili lifuatane na jina la kitaalamu mpaka msamiati utakapokubaliwa na wote. Hakimu, askari wa hifadhi na mshtakiwa wawe wanamzungumzia ndege mmoja.

Kazi hii haiwezi kukamilishwa ofisini. Yamhitaji mtu wa istilahi afuatane na mwongoza watalii alfajiri, darubini shingoni na daftari mkononi, na pamoja nao mzee wa kijiji cha jirani anayemjua ndege kwa mlio. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na jina ambalo halikuandikwa huzikwa na mwenyewe.